Kumtambua mbu wa malaria kwa PCR: kutoka mguu mmoja hadi mstari kwenye jeli

Mweke Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis chini ya hadubini, na hata mtu aliyekesha na mbu maisha yake yote hatakuambia yupi ni yupi. Mabawa yana madoa yale yale, miguu ina vitone vile vile. Tabia ndizo zinazotofautiana. Gambiae hufuata zaidi damu ya binadamu, huuma ndani usiku wa manane, na akishiba hupumzika ukutani. Chandarua chenye dawa na dawa ukoko humpata vizuri. Arabiensis huuma binadamu na ng'ombe pia, na mara nyingi huuma na kupumzika nje, mahali ambapo chandarua hakifiki. Ndiyo maana sehemu nyingi za Afrika Mashariki, baada ya vyandarua kuenea, gambiae alipungua sana na arabiensis akabaki. Wilaya inayopanga kununua dawa bila kujua ina mbu yupi inapanga gizani.

Kwamba hawa si mbu mmoja kulijulikana kwa njia ndefu. Katika miaka ya 1960 George Davidson na wenzake waliwapandisha mbu wa sehemu mbalimbali na kukuta madume chotara ni tasa. Leo kazi hiyo hufanywa kwa siku moja kwa PCR, njia ya kuzidisha kipande cha DNA iliyobuniwa na Kary Mullis mwaka 1983, ikampa tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1993. Mwongozo huu unafuata kipimo cha Scott na wenzake cha mwaka 1993, ambacho bado kinatumika katika maabara nyingi barani. Kinahitaji mashine ya kawaida ya PCR, jeli ya agarosi (inayotenganisha vipande vya DNA kwa urefu wake) na subira.

Kabla ya maabara: mbu mwenyewe

Sehemu kubwa ya matokeo mabaya huanzia kijijini, saa chache baada ya mbu kukamatwa, wala si kwenye mashine. DNA ya mbu aliyekaa na unyevu huoza. Fangasi na bakteria huila, na vimeng'enya vya mbu mwenyewe huikatakata.

Waue mbu kwa kuwaweka kwenye friza, kisha watenganishe. Kwanza mtambue kila mmoja kwa macho: Anopheles jike ana vigusio viwili virefu kama mrija wa kunyonyea, na mabawa yenye madoa. Jamii ya gambiae (gambiae na ndugu zake wanaofanana naye, arabiensis akiwemo) huonyesha vitone vya rangi nyeupe-njano miguuni. Jamii ya Anopheles funestus, kundi jingine la mbu wa malaria, ni wadogo, weusi zaidi, na miguu yao haina vitone. Usiruke hatua hii kwa kudhani PCR itakufanyia. Praima za kipimo hiki (vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanzia kuzidisha) zimetengenezwa kwa jamii ya gambiae peke yake, na ukiziwekea funestus utapata jeli tupu na maswali.

Kila mbu aingie kwenye tyubu yake ya mililita 1.5. Chini weka punje za silika jeli, juu yake pamba kidogo, halafu mbu. Pamba inazuia punje zisimvunje miguu. Silika ikibadilika rangi, maana yake imeshiba maji, ibadilishe. Kama huna silika, tumia ethanoli ya asilimia 80 au zaidi, lakini andika lebo kwa penseli kwenye karatasi ndogo na uitumbukize ndani ya tyubu, kwa kuwa wino wa kalamu nyingi huyeyuka kwenye ethanoli. Formalini usiiguse kabisa: huifunga DNA pamoja na protini, na baada ya hapo kuzidisha ni shida tupu.

Namba ya tyubu iendane na daftari: kijiji, nyumba, tarehe, mtego uliotumika, ndani au nje, ameshiba damu au hajashiba. Mbu asiye na maelezo hayo hata DNA yake ikiwa safi vipi haijibu swali lolote.

Gawanya mwili kabla ya kusaga

Mbu mmoja anaweza kujibu maswali matatu ukimgawa vizuri. Kichwa na kifua hutunzwa kwa ajili ya kupima vimelea vya malaria, kwa sababu sporozoiti (vimelea vilivyo tayari kumwambukiza mtu) hukaa kwenye tezi za mate, na tezi hizo zimo kifuani. Tumbo lenye damu hutunzwa kwa ajili ya kujua aliuma mtu, ng'ombe au kuku. Miguu na mabawa ndiyo ya kumtambua spishi.

Kwa nini usisage mbu mzima? Damu iliyomo tumboni ina hemu (sehemu ya damu yenye chuma), inayozuia kimeng'enya cha PCR kufanya kazi. Pia jike aliyekwisha kupandwa hubeba mbegu za dume tumboni, na mbegu hizo zina DNA yake. Mguu hauna matatizo hayo. Mguu mmoja au miwili inatosha, na mingine inabaki kwenye tyubu kama akiba. Akiba hiyo itakuokoa siku utakapotilia shaka jibu.

Tumia koleo mbili ndogo, na baina ya mbu mmoja na mwingine zifute kwa ethanoli na kuzipitisha motoni kidogo, au zifute kwa jiki iliyozimuliwa kisha kwa maji safi.

Nguvu ya PCR ndiyo hatari yake

Kila mzunguko wa PCR huzidisha kipande mara mbili. Baada ya mizunguko 30, kwa nadharia, molekuli moja imekuwa zaidi ya bilioni moja. Sasa fikiria tyubu iliyokwisha kuzidishwa ikifunguliwa, na tone lisiloonekana likatua kwenye pipeti utakayotumia kesho kuandaa mchanganyiko. Mashine haijui DNA hiyo ni ya nani, itaizidisha tu.

Kwa hiyo kazi igawanywe sehemu tatu: mahali pa kuandaa mchanganyiko, mahali pa kutoa DNA, na mahali pa jeli. Vyumba vitatu ni bora, lakini maabara nyingi hazina. Meza tatu zilizo mbali, kila moja na pipeti zake na koti lake, zinafaa. Sharti moja halina mjadala: pipeti ya jeli hairudi kwenye meza ya mchanganyiko, hata kwa dakika moja. Tembea upande mmoja tu kwa siku, kutoka kwenye mchanganyiko kuelekea kwenye jeli, na ukishafika kwenye jeli usirudi nyuma hadi kesho. Futa meza kwa jiki iliyozimuliwa asubuhi na jioni. Ethanoli peke yake haiharibu DNA.

Kutoa DNA

Kuna vifaa vilivyopakiwa tayari vya kutolea DNA, ni vizuri na ni ghali. Njia ifuatayo, iliyotokana na kazi ya Collins na wenzake ya mwaka 1987, hutumia kemikali za kawaida na hutoa DNA inayokaa miaka kwenye friza. Bafa ya kusagia ina NaCl ya molari 0.08, sukari (sukrosi) ya molari 0.16, EDTA ya molari 0.06, Tris ya molari 0.1 na SDS (aina ya sabuni) ya asilimia 0.5. SDS huganda ikipoa, basi pasha bafa hadi nyuzi 65 hadi iwe angavu kabla ya kuanza.

1. Weka mguu kwenye tyubu, ongeza mikrolita 100 za bafa ya moto, saga kwa mchi mdogo wa plastiki hadi usione vipande. Mchi mmoja, mbu mmoja.
2. Weka kwenye nyuzi 65 kwa dakika 30.
3. Ongeza mikrolita 14 za potasiamu asetati ya molari 8, changanya, weka kwenye barafu dakika 30. Utaona weupe ukitokea: ni SDS na protini zinajitenga. Barafu isiwe ya kubahatisha hapa, kwa sababu SDS ikibaki itakwenda kuzima kimeng'enya baadaye.
4. Zungusha kwenye sentrifuji kwa kasi ya juu dakika 20.
5. Hamishia maji ya juu kwenye tyubu mpya yenye lebo. Acha kidogo chini kuliko kuvuta ule weupe.
6. Ongeza mikrolita 200 za ethanoli safi, geuza tyubu mara kadhaa, zungusha tena dakika 15.
7. Mwaga ethanoli taratibu. Kwa mguu mmoja huenda usione kitu chini ya tyubu. DNA ipo, usiitafute kwa ncha ya pipeti.
8. Suuza kwa ethanoli ya asilimia 70, zungusha kidogo, mwaga, kausha vizuri. Ethanoli iliyobaki huzuia PCR.
9. Yeyusha kwa mikrolita 50 za maji safi au bafa ya TE. Kwa mbu mzima zingekuwa 100.

Katika kila kundi, tyubu moja ipitie hatua zote bila mbu ndani yake. Tyubu tupu hiyo ndiyo itakayokuambia kama bafa au mikono yako imebeba DNA ya mbu wa jana.

Praima na mchanganyiko

Kipimo hiki hulenga eneo la DNA ya ribosomu lililo baina ya jeni, ambalo limo kwenye seli kwa mamia ya nakala. Wingi huo ndio unaofanya mguu mmoja utoshe. Praima moja, UN, hushika mbu wote wa jamii hii. Nyingine hushika kila moja spishi yake, kwa umbali tofauti kutoka UN, na kwa hiyo urefu wa kipande hutaja jina la mbu.

UN: GTGTGCCCCTTCCTCGATGT
GA (gambiae): CTGGTTTGGTCGGCACGTTT, kipande cha jozi besi (herufi za DNA) 390
AR (arabiensis): AAGTGTCCTTCTCCATCCTA, kipande cha 315
ME (merus): TGACCAACCCACTCCCTTGA, kipande cha karibu 464

Ipo pia QD ya Anopheles quadriannulatus, CAGACCAAGATGGTTAGTAT, inayotoa 153, na hutumika zaidi kusini mwa Afrika. ME haiwezi kumtenga merus na melas, lakini jiografia inawatenga: merus ni wa pwani yetu ya Bahari ya Hindi, huzaliana kwenye maji ya chumvichumvi, na melas ni wa pwani ya magharibi ya bara.

Praima hufika zikiwa unga mkavu. Zungusha tyubu kwanza ndipo uifungue, la sivyo unga hupeperuka na fedha yako nao. Tengeneza akiba ya mikromolari 100, kisha gawanya sehemu ndogo za mikromolari 10 za matumizi ya kila siku, ili akiba isifunguliwe ovyo.

Kwa tyubu moja ya mikrolita 25: maji 15.3, bafa ya mara kumi isiyo na magnesiamu 2.5, magnesiamu kloraidi ya milimolari 25 mikrolita 1.5, dNTP (herufi za kujengea DNA) za milimolari 10 kila moja mikrolita 0.5, kila praima kati ya zile nne mikrolita 1, kimeng'enya cha Taq kinachojenga DNA (uniti 5 kwa mikrolita) 0.2, na DNA 1. Soma karatasi ya bafa yako kwanza, maana bafa nyingi huja na magnesiamu tayari, na ukiongeza tena praima hulegea na kushika pasipo pake.

Usipime 0.2 mara 24. Tengeneza mchanganyiko mmoja wa tyubu zote, ukizidisha kidogo kwa ajili ya kinachobaki kwenye ncha za pipeti. Kwa tyubu 24 pika ya 26: maji 397.8, bafa 65, magnesiamu 39, dNTP 13, kila praima 26, Taq 5.2. Jumla ni 624, nawe utagawa 24 kwa kila tyubu kisha uongeze DNA mikrolita 1. Taq iwe ya mwisho, itoke kwenye friza wakati wake ukifika na irudi mara moja. Gusa juu tu ya kimiminika chake kwa ncha ya pipeti, kwa sababu ni kizito na hujipaka nje ya ncha.

Tyubu 24 hazina maana ya mbu 24. Mbu ni 19. Tano zilizobaki ni vidhibiti, yaani tyubu za kuhakiki kipimo chenyewe: maji matupu, tyubu tupu ya hatua ya kutoa DNA, na DNA ya mbu wanaojulikana kwa yakini, mmoja gambiae, mmoja arabiensis, mmoja merus. DNA hii hupatikana kwa maabara zinazofuga mbu. Koloni iitwayo Kisumu, kwa mfano, ni gambiae inayofugwa katika maabara nyingi duniani. Najua uchungu wa kutumia tyubu tano bila kupima mbu hata mmoja wakati mchanganyiko unahesabiwa kwa matone. Lakini jeli isiyo na kidhibiti hasi (tyubu isiyo na DNA ya mbu) siwezi kuikubali, hata iwe nzuri namna gani, na mhakiki yeyote makini hataikubali.

Mashine

Nyuzi 95 kwa dakika 5 za kufungua DNA. Halafu mizunguko 30: nyuzi 95 sekunde 30, nyuzi 50 sekunde 30, nyuzi 72 sekunde 30. Mwisho nyuzi 72 dakika 5, kisha mashine ishike nyuzi 4.

Kwenye joto la 95, pande mbili za DNA zilizosokotana huachana. Kwenye 50 praima hushika. Kwenye 72 Taq hujenga. Taq haivunjwi na joto hilo kwa sababu asili yake ni bakteria Thermus aquaticus wa chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani. Umeme ukikatika katikati, usiendeleze kwa kukisia mzunguko uliofikia. Anza upya kwa mchanganyiko mpya. Mahali penye umeme wa kusuasua, betri ya akiba ya mashine hii ina thamani kuliko mashine ya pili.

Jeli na kuisoma

Gramu 2.5 za agarosi kwenye mililita 100 za bafa ya TBE, chemsha hadi iwe angavu kabisa, poza hadi uweze kushika chupa kwa mkono wenye glavu, ongeza rangi inayofanya DNA ionekane, kama ethidiamu bromaidi, mimina. Asilimia 2.5 ni nzito kwa makusudi: 390 na 315 hutofautiana kwa jozi 75 tu, na jeli nyepesi huwasogeza wakaribiane. Ethidiamu bromaidi hubadilisha vinasaba, basi vaa glavu na taka zake zisiingie kwenye sinki. Zipo rangi mpya zilizo salama zaidi, na kama bajeti inaruhusu zichukue.

Pakia mikrolita 5 hadi 10 kwa kila kishimo, lada ya jozi 100 (vipande vya urefu unaojulikana, vya kulinganishia) pembeni; vishimo viwe upande wa waya mweusi, kwa kuwa DNA ina chaji hasi na hukimbilia kwenye waya mwekundu. Volti 100 kwa karibu saa moja. Piga picha chini ya mwanga wa urujuanimno ukiwa umekinga macho.

Soma vidhibiti kwanza, mbu baadaye. Kidhibiti cha maji kikiwa na mstari, jeli nzima haina thamani: tupa sehemu ndogo za praima na maji, fungua mpya, rudia. Tyubu tupu ya kutoa DNA ikiwa na mstari lakini maji yakiwa safi, tatizo liko kwenye bafa ya kusagia au kwenye michi. Vidhibiti chanya vyote vikikosa mstari, kuna kitu hukuweka, au Taq imekufa.

Mbu akionyesha 390 na 315 kwa pamoja, usikimbilie kuandika chotara. Chotara wapo lakini ni nadra sana, na uchafuzi ni jambo la kila wiki. Chukua mguu wa akiba, toa DNA upya, pima tena.

Mstari hafifu chini kabisa, chini ya jozi 100, ni praima zilizoshikana zenyewe kwa zenyewe. Si mbu.

Na jibu la 390 lina mpaka wake. Tangu mwaka 2013 mbu waliokuwa wakiitwa gambiae wa aina ya M wanatambuliwa kama spishi kamili, Anopheles coluzzii, na kipimo hiki huwapa wote wawili 390. Coluzzii ni wa Afrika Magharibi na Kati zaidi. Kama kazi yako iko huko, fanya kipimo cha pili cha SINE200, kinachotoa 479 kwa coluzzii na 249 kwa gambiae.

Mbu wasiotoa mstari

Hawa ndio wanaotupwa kirahisi, na mimi naona ndio wa kufuatwa. Kwanza zimua DNA mara kumi na urudie. Mara nyingi kizuizi hupungua na mstari hutokea. Ukikosa, rudi kwa mbu mwenyewe: huenda ni wa jamii ya funestus. Hao wana kipimo chao cha ITS2, cha Koekemoer na wenzake cha mwaka 2002, chenye 505 kwa funestus halisi, 411 kwa rivulorum na 146 kwa leesoni. Kumkosa funestus si jambo dogo. Katika bonde la Kilombero utafiti umeonyesha kuwa ndiye anayebeba sehemu kubwa ya maambukizi, ingawa arabiensis ni wengi zaidi mitegoni.

Akikataa na huko, soma herufi za DNA yake. Praima za Folmer na wenzake za mwaka 1994, LCO1490 (GGTCAACAAATCATAAAGATATTGG) na HCO2198 (TAAACTTCAGGGTGACCAAAAAATCA), huzidisha kipande cha jeni ya COI katika mitokondria cha karibu jozi 710, na ukiondoa praima zinabaki 658 za kulinganisha na BOLD na GenBank, hazina za kimataifa za herufi za DNA. Njia hiyo hiyo ndiyo inayomtambua kiwavijeshi vamizi akiwa bado mdogo shambani, wakati umbo lake halimtaji. Kabla ya kuamini jibu, tafsiri herufi ziwe protini: zikikatika katikati, huenda umezidisha nakala mfu iliyojificha kwenye kiini. Angalia pia isiwe DNA ya Wolbachia, bakteria anayeishi ndani ya wadudu wengi. Na usitumie COI kutenga gambiae na arabiensis, kwani mitokondria zao zimechanganyika.

Anopheles stephensi, mbu wa Asia anayezaliana kwenye matangi ya maji mijini, aligunduliwa Djibouti mwaka 2012 na Ethiopia mwaka 2016, na Kenya ilimthibitisha kutokana na mbu waliokusanywa kaskazini, kaunti ya Marsabit, mwishoni mwa 2022. Kwenye jeli ya gambiae stephensi haonyeshi chochote. Maabara inayoandika "imeshindikana" na kufunga daftari inaweza kuwa naye kwenye friza bila kujua.

Kwa hiyo ripoti yako itaje wote: mbu waliopimwa, waliopata jina, waliokosa, na kilichofuatiliwa kwa waliokosa. Ambatisha picha ya jeli nzima pamoja na vidhibiti, isiyokatwa pembeni. DNA iliyobaki ibaki kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na miguu ya akiba kwenye silika yake, kwa namba ile ile iliyo kwenye daftari la kijijini.